Muhuri wa Mwenyekiti

Wiki iliyopita tulimwacha Mzee Gonpei Urushibara mlangoni mwa duka la Bi Sachie Kuramochi, mguu mmoja ndani, mwingine barabarani, bango la upinzani begani. Mbele yake, juu ya kaunta, karatasi moja. Chini ya karatasi, alama nyekundu ya muhuri.

Ilikuwa alama ya nani?

Sitawachelewesha. Ilikuwa yake mwenyewe.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, niseme kwa ufupi. Kampuni moja kutoka mji mkuu inataka kubomoa upande wote wa kaskazini wa Mtaa wa Tachibana, mtaa mkuu wa maduka hapa Kuzumi, kuanzia stesheni mpaka hekaluni, na kusimamisha jengo la ghorofa ishirini na tatu. Wamiliki ni thelathini na mmoja. Sheria inataka wakubali wawili katika kila watatu, yaani ishirini na mmoja. Kwa miezi kumi na moja kampuni ilikuwa na ishirini, na majina yao iliyaficha. Aliyesimama njiani ni Mzee Urushibara, muuza vyombo vya udongo, mwenyekiti wa Kamati ya Kupinga Jengo, mtu ambaye ukimwamkia asubuhi anakujibu mpaka adhuhuri.

Na sasa wa ishirini na moja alikuwa yeye.

"Hii imeghushiwa," alisema Mzee Urushibara.

Bwana Mikuriya, wakala wa kampuni, aliinama kwa adabu. Kijana huyu huinama hata akizungumza kwa simu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, cheti cha muhuri kutoka manispaa kimeambatishwa. Ni cha wiki iliyopita. Hata mimi nilishangaa. Nikajiambia, mtu mkubwa kweli ni yule anayeweza kubadili mawazo."

"Sijabadili wazo hata moja tangu nizaliwe."

"Hilo nalithibitisha," alisema Bi Sachie. "Nimesoma naye."

Bi Sachie ni mchonga mihuri, kama baba yake alivyokuwa. Mihuri mikubwa ya mtaa mzima, ile iliyosajiliwa manispaa na ambayo bila hiyo huwezi kuuza hata uchochoro, imetoka mkononi mwake. Alivuta miwani kutoka kwenye nywele, akachukua kioo cha kukuzia, akainamia karatasi. Mzee Urushibara alisubiri. Bango lilisubiri naye, ncha yake ikiwa imekwama kwenye fremu ya mlango.

"Ni wako," alisema Bi Sachie. "Pembe ya nyati. Niliuchonga mwaka aliozaliwa binti yako Honami. Huu ufa mdogo ukingoni ni wa siku ile ulipouangusha benki, ukasema umeangushwa na karani."

"Karani alinishtua."

"Alikusalimia."

"Basi umeibwa."

"Nyumbani unakaa wapi huo muhuri?"

Mzee Urushibara alijipapasa mifuko ya koti. Mtu huyu anajua kwa kichwa vifungu vyote vya sheria ya mipango miji. Anajua kivuli cha jengo kitafika duka gani, saa ngapi, katika siku fupi kuliko zote za mwaka. Lakini muhuri wake mwenyewe unalala wapi, hilo halikuwahi kuingia kwenye masomo yake.

Bwana Mikuriya alitoa karatasi nyingine mkobani, akaiweka kando ya ile ya kwanza, pembe kwa pembe.

"Saa nane mchana, kwenye mkutano wa wamiliki, nitamkabidhi Bwana Otsubo wa manispaa fomu zote ishirini na moja. Akishazipokea hazirudi. Kabla ya hapo, mtu anaweza kujitoa kwa fomu hii. Aijaze kwa mkono wake, aandike sababu, apige muhuri uleule." Alitabasamu kama anayemwonyesha mgeni choo kilipo. "Ila sababu iwe ya kweli, mheshimiwa. Fomu yenye sababu ya uongo ni batili, na ile ya kwanza inabaki palepale."

Akairudisha ile ya kwanza mkobani, akaacha fomu ya kujitoa na boksi la keki za maharage matamu juu ya kaunta, akainama mlangoni, akainama tena barabarani, akaenda zake.

Ilikuwa saa nne na nusu.

"Gonpei," alisema Bi Sachie. "Umeona muhuri ulivyosimama?"

"Nimeona ni wangu. Inatosha."

"Umesimama wima. Umenyooka kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Wewe hujawahi kunyoosha muhuri maishani mwako. Kwenye cheti chako cha ndoa hata muhuri wako wa zamani umelala ubavu kama mlevi."

"Sasa unanitukana au unanisaidia?"

"Sikiliza. Mihuri midogo, ile ya kupokelea vifurushi, tunaichonga kijishimo ubavuni, kidole kijue juu ni wapi. Huu mkubwa hatuuchongi kitu. Tunauacha laini makusudi, ili mwenyewe asite, augeuze, autazame, afikiri mara ya pili. Wewe hufikiri mara ya pili, ndiyo maana wako unalala. Aliyepiga huu alisita, akautazama, akaunyoosha, akapiga. Nani nyumbani kwako hutazama jambo kabla ya kulifanya?"

Mzee Urushibara alilitua bango taratibu ukutani, na kwa mtu anayebeba bango hata akienda kununua sigara, hilo lilikuwa jibu.

* * *

Bi Kinue Urushibara alikuwa amekaa kwenye stuli dukani, akifunga mabakuli kwa karatasi za magazeti. Hakuinua kichwa.

"Mama Honami, muhuri wangu uko wapi?"

"Droo ya jikoni. Nyuma ya vijiti vya kulia. Miaka thelathini na tisa haujahama."

"Umeutumia?"

"Nimeutumia."

"Kwenye karatasi ya Mikuriya?"

"Kwenye karatasi ya Mikuriya. Na cheti nilikwenda kukichukua mimi. Kadi yako ya usajili wa muhuri iko droo hiyohiyo."

Mzee Urushibara alishika ukingo wa rafu. Vikombe vya chai vikagongana kidogo.

"Unajua kupiga muhuri wa mtu mwingine ni kosa gani?"

"Najua. Uliwasomea watu kwa kipaza sauti mwezi wa tatu. Mpaka idadi ya miaka jela."

"Kwa nini, Kinue?"

"Goti."

"Goti gani?"

Bi Kinue aliweka bakuli chini.

"Unaona," alisema. "Unauliza goti gani."

Wasomaji, nyumba ile ni ya zamani. Duka chini, ghala na chumba cha kulala juu, na katikati ngazi kumi na nne zilizosimama kama zimeegemezwa ukutani kwa muda. Kila bakuli linalouzwa pale limeshushwa na Bi Kinue. Siku hizi hushuka kinyumenyume, akishika ngazi ya juu kwa mkono mmoja na boksi kwa mwingine. Daktari alimwambia mwanzoni mwa mwaka alale chini.

"Nilikuomba chumba cha nyuma," alisema Bi Kinue. "Mwezi wa pili, tukiwa tunakula tambi. Ulinijibu nini?"

Mzee Urushibara alikumbuka. Tatizo la watu wenye kumbukumbu nzuri ni kwamba hukumbuka na maneno yao wenyewe.

"Nilisema mapambano yanahitaji ofisi."

"Ukasema hivyo ukiwa umesimama. Ukizihutubia tambi."

Chumba cha nyuma, kule chini nyuma ya duka, kina ukubwa wa mikeka sita ya sakafuni. Siku hiyo kilikuwa na vipaza sauti viwili, mabango kumi na saba, vipeperushi mia saba, na mfano wa jengo la ghorofa ishirini na tatu, uliopangwa kwa maboksi ya keki alizokuwa akileta Bwana Mikuriya. Kamati ilikuwa imekula keki zote za adui na kutumia maboksi yake kumlaani. Ghorofa ya juu ilikuwa inagusa dari.

"Mimi sihitaji ghorofa ishirini na tatu," alisema Bi Kinue. "Nahitaji moja tu, ya chini. Yule kijana alikuja hapa wewe ukiwa kwenye maandamano. Akasema jengo litakuwa na lifti. Kisha akaniuliza goti linaendeleaje. Baba Honami, aliniuliza, halafu akanyamaza akasubiri nijibu. Nilikuwa nimesahau mtu akisubiri jibu anakuwaje."

Mzee Urushibara alitazama ngazi. Alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kipya kilicholetwa asubuhi hiyo.

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa tano na dakika tano."

Akavua koti.

* * *

Ghorofa ya ishirini na tatu ndiyo ilianza kushuka. Kisha ya ishirini na mbili. Mzee Urushibara alitoka na maboksi manne manne, akayapanga kando ya barabara. Akaleta vipaza sauti. Akaleta mabango, akayaegemeza nje ya duka, maandishi yakitazama ukuta.

Ilikuwa Jumatano, siku ya mapumziko ya mtaa, maduka yamefungwa, na wenye maduka hawana la kufanya ila kutazamana. Wa kwanza kusimama alikuwa Hatano wa bucha, mweka hazina wa Kamati, mwanamume mwenye mabega kama kabati.

"Mwenyekiti, tunahama?"

"Chumba kinahitajika."

"Na nani?"

Hapo Mzee Urushibara angeweza kusema ukweli. Lakini kusema "mke wangu ana goti bovu na mimi sikujua" mbele ya Hatano kulimshinda kuliko kupanda Mlima Fuji na piano mgongoni.

"Kwa matumizi mengine," alisema.

Hatano alitazama mabango yaliyogeuzwa ukutani. Akatazama ndani, akaona Kamati nzima imebaki mikeka mitupu. Akaenda kumwambia muuza dawa, kwa siri. Muuza dawa akamwambia fundi saa, kwa siri kubwa zaidi. Kufikia saa sita na nusu, mtaa wote ulijua kwamba Mwenyekiti amevunja ofisi ya upinzani kwa mikono yake mwenyewe. Jirani yangu mmoja aliapa kwamba amemwona akicheka.

Hakuwa anacheka. Alikuwa anashusha godoro la mke wake. Katika ngazi ya tatu kutoka juu alisimama, akapima, akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume. Na Bi Kinue, aliyekuwa chini akimtazama, kwa huruma tu akageuza uso.

Godoro lilipotandikwa mikekani, Bi Kinue alikwenda jikoni, akarudi na muhuri kwenye kifuko chake cha hariri.

"Haya. Andika."

Fomu ya kujitoa ina mistari mitatu tu ya sababu. Mzee Urushibara, ambaye barua zake kwa meya hazijawahi kupungua kurasa kumi na moja, aliitazama mistari ile kama mtu aliyepewa kijiko achimbe kisima.

"Andika ukweli," alisema Bi Kinue. "Mke wangu alipiga muhuri bila idhini yangu."

"Otsubo atalazimika kuita polisi. Ndiyo kazi yake."

"Waje. Sijawahi kupanda gari la polisi. Nasikia viti viko chini."

"Sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Ukiandika kingine, mtaa mzima utaamini uliwauza. Jina lako, baba Honami. Huna kingine unachokipenda hivyo."

Mzee Urushibara aliivuta fomu karibu. Kisha akaandika mstari mmoja. *Nilipiga muhuri, kisha nikafikiri mara ya pili.*

"Huo ni uongo," alisema Bi Kinue.

"Nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kweli kabisa."

Akachovya muhuri kwenye wino mwekundu, akaukandamiza. Alama ikatoka imelala ubavu.

"Umelala," alisema Bi Kinue.

"Uache ulale."

* * *

Saa nane kamili ukumbi wa wenye maduka ulikuwa umejaa. Mezani mbele, Bwana Otsubo wa manispaa, mtu mwembamba anayesoma kila kitu mara mbili. Kando yake Bwana Mikuriya, na fomu zake ndani ya bahasha ya kahawia. Bi Sachie alikaa safu ya mbele. Bi Kinue alikaa nyuma kabisa, mahali wake za wenye maduka hukaa siku zote, karibu na birika la chai.

Mzee Urushibara alitembea mpaka mezani, akaweka fomu yake kwa mikono miwili.

Bwana Otsubo aliisoma. Akaisoma tena. Kisha, kwa kuwa utaratibu unataka hivyo, akaisoma kwa sauti.

"'Nilipiga muhuri, kisha nikafikiri mara ya pili.' Gonpei Urushibara."

Unaweza kufikiri kelele zilipanda. Hapana. Watu wa Tachibana wakikasirika kweli, huanza kuongea taratibu.

"Kwa hiyo uliupiga," alisema Hatano wa bucha.

"Niliupiga."

"Miezi kumi na moja nimepaka rangi mabango. Mpaka nyama ikanuka rangi, wateja wakalalamika."

"Najua."

"Mimi nimegawa vipeperushi kwenye theluji," alisema fundi saa. "Nikaugua mapafu."

"Ulipata mafua," alisema Bi Sachie.

"Yalikuwa mafua makali."

"Na zile keki," alisema muuza dawa kwa uchungu, "nyingi alikula yeye."

Mzee Urushibara alisimama wima, mikono ubavuni. Hakujitetea. Nyinyi mnaomfahamu tangu toleo la kwanza mtajua hiyo ilikuwa kazi ngumu kiasi gani. Mshipa wa shingo ulikuwa umetuna kama kamba ya kengele ya hekalu.

Kisha fundi saa akasema jambo ambalo hakulitarajia.

"Kama Mwenyekiti mwenyewe alikubali, mimi nangoja nini? Nina umri wa miaka sabini na moja. Mikuriya, hiyo fomu yako unayo?"

"Na mimi," alisema muuza dawa. "Nimechoka kuwa mjinga peke yangu."

Bwana Mikuriya alitoa fomu mbili tupu, akazilaza mezani, pembe kwa pembe. Fundi saa aliingiza mkono mfukoni na kutoa kifuko cha muhuri.

Hapo Mzee Urushibara alielewa alichokifanya. Alikuwa ameondoa muhuri mmoja kwenye bahasha, na kwa uongo uleule alikuwa anaingiza miwili. Akisema ukweli, fomu yake ni batili, wa ishirini na moja anabaki ndani, na mke wake anakwenda kujibu polisi. Akinyamaza, mtaa unakwenda na maji. Alitazama watu. Alitazama birika la chai, na aliyekaa karibu nalo.

Bi Kinue alikuwa ameshainuka.

Mumewe akatikisa kichwa, kidogo tu, kumzuia. Bi Kinue akamjibu kwa kichwa kilekile, kidogo tu, kwamba amemwona na hatamsikiliza.

"Naomba neno," alisema.

Wanaume waligeuka. Katika miaka yote ya vikao vile, neno pekee lililowahi kutoka karibu na birika ni kuuliza nani anataka chai zaidi.

"Mume wangu anawadanganya. Hakupiga muhuri wowote. Niliupiga mimi, yeye akiwa kwenye maandamano. Ana makosa mengi, na mkitaka nitawatajia, lakini hilo si lake."

Mkono wa fundi saa ulisimama hewani na muhuri wake.

"Kinue, kaa chini," alisema Mzee Urushibara, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata watu wakashuku kama ni yeye.

Bwana Mikuriya alikuwa ameshasimama na kuinama, mara moja kwa Bi Kinue, mara moja kwa Bwana Otsubo.

"Tunamshukuru mama kwa uaminifu wake," alisema. "Basi sababu iliyoandikwa si ya kweli, na fomu ya kujitoa ni batili. La mama na mumewe ni la nyumbani, sisi hatuliingilii. Mimi nilipokea fomu ikiwa imekamilika, kwa nia njema, pamoja na cheti. Naomba zote ishirini na moja zipokelewe."

Akasukuma bahasha. Bwana Otsubo, kwa masikitiko ya mtu anayefuata utaratibu, akanyoosha mkono.

"Sijamaliza, mwanangu," alisema Bi Kinue.

Mkono wa Bwana Otsubo ukasimama nusu njia.

"Meza yangu ya jikoni ina mafuta, unakumbuka? Nilikuwa nimekaanga samaki. Karatasi ikawa inateleza, na mimi muhuri sitaki uende upande. Waambie hawa wazee, nani aliishika karatasi pembe mbili mpaka nikamaliza?"

"Mama amechanganya," alisema Bwana Mikuriya. "Mimi sikushika karatasi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai."

"Kwa mkono upi?"

Bwana Mikuriya alitazama mkono wake wa kulia. Akatazama wa kushoto. Ndipo akasikia alichokisema. Ukumbi wote ulikuwa umeshasikia zamani.

"Kwa hiyo ulikuwepo," alisema Bi Sachie kutoka safu ya mbele. "Ulikunywa chai ukimtazama mtu akipiga muhuri usio wake."

Bwana Otsubo aliurudisha mkono wake. Aliuweka juu ya goti, kama kitu alichotaka kukilinda.

"Bwana Mikuriya," alisema, na akalisema jina lile mara mbili, kama anavyosoma kila kitu. "Bwana Mikuriya. Hizi nyingine ishirini. Zilipopigwa, ulikuwa unakunywa chai jikoni kwa nani?"

Wakala hakuinama. Fundi saa alirudisha kifuko chake mfukoni, polepole, asije akaonekana.

"Mnaona," alisema Hatano wa bucha, akisimama na mabega yake yote. "Nilisema tangu mwanzo, wale ishirini hatuwajui kwa majina. Nani hapa hajui muhuri wake unalala wapi? Aseme. Nani mwanamume hapa asiyejua kinachoendelea jikoni kwake?"

Wanaume wakageukiana.

Lakini nyuma, karibu na birika la chai, mkono mmoja ukainuka kujibu swali la Bwana Otsubo. Ukafuata mwingine, kisha wa tatu.

Hatano aligeuka atazame ule wa kwanza ni wa nani.

Ulikuwa wa mke wake.